Hadithi Iliyozunguka kwa Posta

Miaka ile, kabla watu hawajaanza kusoma hadithi kwenye simu, mapenzi yalisafiri kwa posta. Mwanamke wa Halifax, kule Uingereza, alipiga chapa hadithi ya Kapteni Dray na Daktari Lorne wa tamthilia moja ya televisheni, akaitia kwenye bahasha. Mwenzake wa Leeds aliisoma, akajitengenezea nakala, akaandika maoni pembeni, akaituma kwa aliyefuata kwenye orodha. Ilizunguka hivyo mpaka ikachakaa, na haikumrudia mwandishi. Waume zao walidhani bahasha zina mapishi ya keki.

Avril Sugden wa Halifax aliandika hadithi moja tu ya aina hiyo. Siku aliyoimaliza, mama yake, Edna, aliikuta mezani, akasoma nusu ukurasa, akaangua kicheko.

"Upuuzi mtupu! Miaka ishirini na tisa, unampenda mtu wa kwenye televisheni. Katafute wa kweli, anayenuka soksi!"

Avril aliituma kwa kuwa alishaahidi, kisha akaifunika taipureta yake, basi. Kicheko kile kilimkaa rohoni miaka arobaini, hata baada ya kumzika Edna. Hasara kubwa, maana kipaji cha kuandika alikuwa nacho.

Mwezi uliopita Joanne, binti wa marehemu rafiki yake Thelma, alimletea bahasha kuukuu.

"Anti Avril, mama alisema nikupe akishaondoka. Wala hakuniambia kwa nini."

"Thelma kaficha kitu? Yule alikuwa hawezi kuficha hata zawadi ya Krismasi!"

Ilikuwa hadithi yake, pembeni pamejaa miandiko. *Nimelia mpaka nikaunguza viazi. Asipombusu ukurasa ujao, nakuja Halifax kukuchapa.* Avril alicheka mpaka akavua miwani. Aliwakumbuka wote, walio hai na waliokufa, akawatamani sana.

Ukurasa wa mwisho, kwa penseli, aliuona mwandiko wa mama yake.

*Kanipa bahasha nimpelekee posta. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, nimesoma yote, nikarudia. Ni nzuri mno. Nilimcheka kwa kuogopa atapata jina, aende London, aniache peke yangu. Mimi ni mama yake. Tafadhali msimwambie.*

Chini yake, miandiko kumi na moja, mmoja baada ya mwingine: *Hatumwambii.* Wa mwisho ulikuwa wa Thelma.

"Anti, kuna nini?" Joanne aliuliza. "Mbona unalia?"

"Walimwonea huruma mama, wakamsitiri," Avril alisema. "Wangeniambia tu, mwanangu, ningeandika nyingine."