Dakika Kumi za Kunyamaza

Apolonia Kalinga hatulii. Wanaomjua pale Ipogolo watakwambia hivyohivyo, tena wakicheka. Mpe kiti, atakisogeza. Mwalike harusini, atakwambia kwamba kwenye kadi yenu jina la ukumbi ni dogo kuliko ua lililochorwa pembeni, watu watapotea. Kanisani aliwahi kumfuata paroko akamweleza kuwa tangazo la ubatizo limebandikwa juu mno, kina mama wafupi hawalioni. Paroko alinuna, lakini likashushwa. Kiherehere, wanasema watu, na mimi sibishi.

Alikuwa anafanya kazi steshenari, kando kabisa ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita yananguruma mpaka vioo vinatetemeka. Kadi za harusi, ratiba za mazishi, vitambulisho vya shule. Miaka sita hiyo. Kila asubuhi akifungua mlango alijisikia kama mtu aliyepanda basi lisilo lake na bado anaona haya kushuka.

Alichokitaka yeye kilikuwa na jina la Kizungu ambalo mtaani hakuna aliyelielewa. Hata shangazi yake Frida, anayeuza mchele sokoni Mbalizi, alidhani ni kazi ya kuuza simu. Apolonia alikuwa akieleza hivi: kabla programu haijaingia kwenye simu yako, lazima awepo mtu wa kufikiria kitufe kikae wapi, neno liwe lipi, mtumiaji asipotee humo ndani. "Mtu huyo ndiyo mimi," anasema. Haya, mtu huyo alikuwa ameomba kazi mara tisa. Alisoma kozi za bure kwa bando la kuungaunga, akachora skrini mpaka macho yakawa mekundu, na zote tisa zikala kwake.

Ya kumi ikajibu. Kampuni ndogo ya Dar ilitaka mtu mmoja tu, afanye kazi akiwa hukohuko alipo. Sharti lilikuwa moja: achore skrini za programu ya kupanga miadi ya kliniki kwa wazee, kisha wazee watano wazijaribu huku anawarekodi. Apolonia alifanya kwa siku nne. Wawili aliwapata Ipogolo, watatu Mbalizi kwa shangazi. Wote watano walifika mwisho bila shida, naye akaanza kumuaga bosi wake wa steshenari kimoyomoyo.

Ijumaa asubuhi akapigiwa simu ya video na Obeid, kijana aliyekuwa anasimamia majaribio hayo.

"Dada Apolonia, skrini zako ni nzuri. Ila hawa wazee hawajatumia programu."

"Wametumia! Si umeona wamefika mwisho?"

"Umetumia wewe, kwa vidole vyao. Hebu sikiliza."

Akamwekea. Apolonia alijisikia mwenyewe, sauti kali kama ya mama muuza nyanya: hapo mama, hapo kwenye kijani, ngoja nikusogezee, eeh, basi, umeweza! Na kidole chake, haki ya Mungu, kilikuwemo kwenye kila video. Alitamani kuingia chini ya meza.

"Ukimsaidia mtu hatujui anakwama wapi," Obeid alisema. "Nitafutie mzee mmoja. Dakika kumi kamili, wewe usiseme neno. Niipate video kabla ya Jumapili saa sita mchana. Mmebaki wawili, wewe na mwenzako."

Dakika kumi! Wewe unayesoma utaona ni jambo dogo. Kwao Apolonia mzee hahangaiki mtoto akiwa amekaa anamtazama. Mzee akipapasa miwani, mtoto ndiye anayeinuka. Ukimkodolea macho bila neno, maana yake una jambo naye, na nyumba nzima itajua kwamba kuna ugomvi.

Jumamosi akaenda Igowole, huko Mufindi, kwa baba yake, Mzee Kasian. Alijiambia kwamba baba ana presha, kliniki anakwenda kweli, na tena baba ni baba, hakuna kuoneana haya. Mzee mwenyewe si mtu wa kushindwashindwa. Amekuwa katibu wa kigango miaka ishirini, majirani wanamletea barua awasomee, na tarehe za ubatizo za watoto wa watu anazo kichwani.

Walikaa jikoni karibu na moto, maana ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai yote na baridi ilikuwa ya kuuma. Apolonia akaegemeza simu moja kwenye chupa ya chai irekodi, nyingine akampa baba.

"Jiandikishe kliniki humo, baba. Mimi sitasema kitu."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe ilivyo."

"Haya." Akavaa miwani.

Jina aliliandika vizuri kabisa. Ikaja tarehe ya kuzaliwa. Hapo Apolonia alikuwa ameweka gurudumu la miaka, unalisukuma kwa kidole linazunguka, na linaanzia mwaka huu, 2025. Kijana analisukuma mara mbili, kwisha. Kwa wale wazee watano alilisukuma yeye mwenyewe harakaharaka, ndiyo maana hakuona tatizo. Mzee Kasian amezaliwa 1954 na kusukuma kwa nguvu hakujui. Akawa anashusha mwaka mmoja mmoja kama punje za rozari, na kwa kuwa ni mtu wa kusoma kwa sauti, akausoma kila mmoja.

"Elfu mbili ishirini na nne. Ishirini na tatu." Akainua macho. "Apo, hivi nitafika kwangu lini?"

Apolonia akauma mdomo. Akakalia mikono yake.

"Apolonia."

Kimya.

Mzee akarudi kwenye simu. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Kidole kikiteleza miaka inarudi juu, anaanza tena. Jasho likamtoka kwenye baridi ile, na sauti ikaanza kupungua. Apolonia alikuwa anawaka ndani. Miguu ilimcheza, mabega yalimcheza, kila kiungo kilitaka kurukia kile kioo. Ni mjinga gani aliyeanzia 2025? Mjinga alikuwa yeye.

"Kumi na tano," mzee akasema. "Kumi na nne."

Hapo akasimama. Kidole kikabaki juu ya kioo.

"Huu ndio mwaka niliokata miti."

Kule Mufindi watu hupanda miti ya mbao mtoto akiwa mdogo, ikikomaa inamsomesha. Mzee Kasian alikuwa na shamba moja, la kutosha mtoto mmoja, na mwaka ule barua za chuo zilikuja mbili: ya Apolonia, chuo cha usanifu, na ya kaka yake Silvester. Alikwenda Silvester. Mwaka wa pili akaacha, sasa anaendesha lori Tunduma. Apolonia aliambiwa asubiri mwakani, na mwakani haikuja. Alisema hamna shida, baba. Tangu hapo ndiyo hanyamazi: anaongea, anasaidia, anapanga vya watu, anatania, mradi jambo lile lisipate nafasi ya kutajwa.

"Nimekukosea nini, mwanangu, mpaka unitazame hivi?" baba akauliza. "Ni ile habari ya chuo? Miaka yote unanichekea. Leo umeninyamazia. Sema basi."

Kwenye simu iliyokuwa inarekodi zilikuwa zimepita dakika saba. Zimebaki tatu. Kazi aliyoililia ilikuwa pale, mbele ya dakika tatu, na alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo.

"Ndiyo, baba," akasema. "Ni ile. Iliniuma. Inaniuma mpaka leo. Maksi zangu zilikuwa nzuri kuliko za Silva na wewe ulijua."

Kisha akanyoosha mkono akaizima simu, maana sasa yote yalikuwa yameharibika.

Mzee akavua miwani. "Nilijua," alisema. "Nilifikiri, huyu ni msichana, ataolewa. Ndivyo nilivyofikiri. Nilikosea, na mdomo wa kukwambia sikuwa nao." Hakulia, si mtu wa kulia huyo. Alisogeza kuni zilizokuwa zimekaa vizuri tu. Apolonia alilia kwa niaba ya wote wawili.

Alipotulia akamweleza yote: Obeid, dakika kumi, yule mwenzake, Jumapili saa sita.

"Kumbe ulikuwa unanyamazia kazi!" mzee akang'aka. "Si ungesema?"

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia ni kazi. Hukuniambia kwamba si hasira. Hebu washa hilo lisimu."

"Umeshaijua sasa, haitakuwa jaribio."

"Nimejua nini mimi? Hamsini na nne yenyewe sijaiona."

Wakaanza upya. Safari hii mzee hakuona haya hata kidogo. Aligomba waziwazi: aliyetengeneza kitu hiki anadhani watu wote wamezaliwa jana? Aende akapimwe kichwa! Apolonia, aliyekitengeneza, alijikaza asicheke mpaka mbavu zikamuuma. Ishirini na moja. Ishirini. Kidole kinateleza, anarudi. Kumi na tano. Kumi na nne.

Akasimama tena palepale. Akaigeukia simu iliyoegemea chupa ya chai, akakohoa kama anavyofanya kabla ya kusoma matangazo kigangoni.

"Kijana wa Dar, sikiliza. Mwaka huu ndio nilimkosesha binti yangu chuo. Yeye hakukosa, nilimkosesha mimi."

Apolonia akafungua mdomo. Mzee akamnyooshea kidole.

"Simkoseshi mara ya pili. Nyamaza."

Akanyamaza. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kidevu na hakuyafuta, kwa sababu mikono alikuwa ameikalia, na baba yake akaendelea kushuka, kumi na tatu, kumi na mbili, akipotea na kurudi, akaupita mwaka aliomzaa bila hata kuuona. Dakika kumi zilipoisha alikuwa amefika themanini na nane, hajapata kliniki wala miadi, na kwa video hiyo Apolonia akapata kazi.