Tawi Jeusi Kwenye Meza ya Matufaha

Kila Septemba, siku ya kuonja matufaha ya asili, kijiji kizima chini ya milima ya Talgar kilimsubiri Bibi Kenzhegul aanze. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hata akifumba macho, kipande kimoja kilimtosha kukutajia mti.

Mwaka ule jirani yake, Rysbek, alileta matufaha ya aina ya aporti, makubwa kama vichwa vya watoto, yakiwa bado kwenye tawi.

"Onja, bibi, halafu uniombe radhi kwa kunicheka miaka yote."

Kenzhegul hakuonja. Majani ya tawi lile yalikuwa meusi kama yaliyobabuliwa na moto, na ncha yake imejikunja kama ndoano. Ugonjwa huo, unaoambukizwa hata kwa kisu cha kukatia, aliwahi kuuona bonde la pili, ambako mashamba yalichomwa mpaka mashina.

"Umelikata kwenye mti gani?"

"Ule wa nyuma. Si ndio niliokata vikonyo vyake nikawabebeshea nyote, nikaviunganisha kwenye miche yenu masika? Hata wewe."

"Kwa kisu kimoja?"

"Ulitaka ninunue vingapi?"

Watu wakacheka. Kenzhegul akawageukia. "Mti wake unaugua, jamani. Na yetu pia. Nendeni mkaangalie."

Kicheko kikakatika, wengine tufaha likiwa bado mdomoni.

Alipofika shambani kwake, aliuinamia mche aliobebeshewa na Rysbek. Ulikuwa umesinyaa, unatoa utomvu wa kahawia. Mti mkongwe wa mumewe, uliokuwa kando yake, nao ulishaanza kuwa mweusi kileleni.

Alipokuwa akitafuta shoka, akasikia shoka la Rysbek limeshaanza kulia kwenye mti wake.