Chokaa Niliyomwaga Kwenye Shamba la Mama

Nakumbuka, mwanangu, ile Jumapili mama yangu aliporudi kutoka makambi ya kanisa kule Nyanchwa akakuta upande wa juu wa shamba letu umekuwa mweupe. Alisimama njiani, mzigo bado kichwani, akapiga vigelegele. Alidhani nimemfanyia jambo la heri. Mimi pia nilidhani hivyo, na ujinga huo unanila mpaka leo, pamoja na mvi hizi zote.

Ngoja nikueleze polepole. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa na tamaa moja tu maishani: awe na chai yake mwenyewe. Watu wengi huku kwetu Nyamira walikuwa wamekwisha kupanda, lakini yeye bado alichuma kwenye mashamba ya wengine. Jirani yetu, Mzee Makori, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho, alimwonyesha ule upande wa juu uliojaa makangaga, yale magugu ya porini, akamwambia, "Hapa ndipo." Basi mama akatengeneza kitalu karibu na mto. Mwaka mzima alinyunyizia vipandikizi vyake maji kwa kibuyu kila asubuhi, na alikuwa akizungumza navyo. Mimi nilimcheka sana, Mungu anisamehe.

Mwaka huohuo nikaenda mafunzo ya wakulima, wiki moja. Mwalimu alitufundisha kwamba udongo wetu wa milimani una uchachu mwingi, mvua huuosha, mahindi hudumaa, na dawa yake ni chokaa ya shambani. Akasema ukiona makangaga, jua hapo pana uchachu. Akasema pia tupeleke udongo ukapimwe, na tujue kwanza tunataka kupanda nini. Hayo ya mwisho yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kuuliza si ujinga, lakini kijana aliyerudi na cheti mfukoni atamuuliza nani?

Mama alipokwenda makambi, chokaa niliyoagiza ilishushwa sokoni Kebirigo, nasi vijana tukaibeba kichwani hadi nyumbani. Tulifyeka makangaga, tukamwaga chokaa, tukalima, tukamwaga tena. Nilizidisha makusudi, nikijiambia kwamba dawa ikiwa nyingi mgonjwa hupona upesi. Nilitaka mama akute shamba lake limekwisha kutengenezwa.

Mvua ziliponyesha tukapanda. Baada ya miezi michache majani yakageuka manjano, kisha miche ikakauka mmoja mmoja. Mama aliing'oa iliyokufa, akaleta mingine kutoka kitaluni, akapanda upya. Nayo ikafa.

Siku moja mama akiwa sokoni, Mzee Makori alipita. Aliinama, akasugua udongo kwa vidole, akaniangalia.

"Mogaka, umeweka nini hapa?"

"Chokaa, mzee. Niliondoa uchachu."

Aliketi palepale chini. "Chai inaishi kwa huo uchachu, wewe kijana! Makangaga niliyomwonyesha mama yako yalikuwa ndiyo dalili yenyewe. Umeliua shamba ukidhani unalitibu."

Nikamuuliza tufanye nini.

"Hakuna. Hii haitoki leo wala kesho. Pandeni mahindi. Na mama yako umwambie wewe mwenyewe. Mimi sitakutangulia."

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nilijaribu kukwangua ule udongo wa juu na kuubeba kwa karai, nikachoka kabla sijamaliza hata kona moja. Lakini hilo bado si kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa ni kwamba sikumwambia. Nilisema nitamwambia kesho, kisha nikasema tukishavuna, kisha sikusema tena.

Mama akaanza kuamini kwamba mkono wake hauna baraka. Alifunga, akaomba, akamwendea mchungaji kumuuliza ni dhambi gani aliyotenda. Akapanda mara ya tatu, miche yote iliyobaki kitaluni. Mashimo nilimchimbia mimi, nikijua kabisa kwamba itakufa.

Baada ya hapo hakupanda tena. Alirudi kuchuma chai ya watu hadi magoti yakamshinda. Alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho aliniita akaniambia, "Mogaka, chai upande wewe. Mkono wako si kama wangu." Nilikuwa nimeketi karibu yake kabisa, na hata hapo nikanyamaza. Alizikwa wiki ile.

Mahindi hustawi sana pale juu. Nimeyala miaka mingi na sijawahi kuyafurahia. Watu husema muda huponya, lakini mimi muda haujaniponya, kwa sababu aliyepaswa kunisamehe alikufa bila kujua kwamba kulikuwa na la kusamehe. Majuto ni mjukuu, na wangu ninaishi naye nyumba moja.

Sasa nisikie. Usikimbilie kutibu udongo kabla ya kujua ni mmea gani utakaoishi humo. Uchachu unaoua mahindi ndio unaolisha chai. Pima kwanza, anza na kipande kidogo, weka kiasi, ungoje misimu miwili ya mvua uone. Aliyekutangulia shambani muulize, hata kama hana cheti. Na ukiharibu, maana utaharibu, mwendee uliyemharibia siku hiyohiyo, ukiwa bado unatetemeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, na kifo kikamchukua asiye na kosa.

Mungu akubarikie ardhi yako na mikono yako. Akupe moyo wa kusema mapema. Na mama yako, Mungu amtunze hadi umalize kumwambia yote.