Jembe Lililochelewa Kudakwa

Miaka ile ya sabini mdogo wangu alikuwa kwenye kikundi cha bugobogobo, vijana wanaolima mashamba ya watu kwa ngoma, majembe yakirushwa juu na kudakwa kwa mpigo mmoja. Jembe lake likaanza kuchelewa. Likidondoka, kosa liliitwa ulevi, na faini ilikuwa mtungi wa pombe. Mtu asiyekunywa anatozwa pombe kwa kulewa! Nimeuza vitenge dukani kwangu Segese miaka mingi, biashara ya namna hiyo sijaiona.

Baadaye akaanza kusikia sauti zikimsema. Hospitali ya Shinyanga mjini walisema ni skizofrenia, wakampa dawa, sauti zikapungua. Lakini nsumba ntale, kiongozi wa vijana, akatangaza kwamba msimu ukianza hamtaki. Hilo lilimuuma kuliko sauti, maana marafiki zake wote walikuwa kwenye kikundi.

Tuliporudi kuchukua dawa nikamweleza daktari habari ya jembe. Akamwambia apige meza: ngumi, ubavu wa mkono, kiganja, arudie upesi. Mdogo wangu akapotea njiani. Akamtembeza kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Akayumba.

"Hajalewa," daktari akasema. "Ubongo wa mbele unapanga, ubongo mdogo wa kisogoni unalinganisha mwendo. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa huu, mawasiliano hayo hayaendi sawa. Wakati mwingine mikono huonyesha dalili kabla ya sauti kuanza."

"Haipungui kidogo, daktari?" nikauliza, kama wateja wangu wanavyoulizia bei.

"Hapa si dukani kwako, mzee. Na ni dalili ndogo tu, hata wazima wengine wanayo."

Nikaenda naye kwa nsumba ntale, tukawakuta vijana wakinoa majembe.

"Shikamoo, kaka," nsumba ntale akanisalimia.

"Marahaba. Piga hivi: ngumi, ubavu, kiganja."

Akapiga kama anapiga ngoma. "Haya, zamu yako."

Nikapiga ngumi, kiganja, ngumi tena. Mimi kila kitu nahakiki mara mbili, nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Vijana wakaacha kunoa, wakacheka.

"Kaka naye tumtoze mtungi?"

"Nitozeni. Ila ninuseni kwanza."

Mmoja akaninusa kweli. Akatikisa kichwa. Kicheko kikapungua, wakamtazama mdogo wangu.

"Sawa, si ulevi," nsumba ntale akasema. "Lakini jembe likimwangukia mwenzake kichwani?"

Mdogo wangu akajibu, "Kwani lazima nilirushe? Shamba liko chini."

Nsumba ntale akafikiri. "Utakaa mwisho wa mstari. Kurusha, marufuku."

Msimu ulipoanza nilipita kuwatazama. Wenzake wakirusha na kudaka, yeye analima tu. Mstari ulikuwa umepinda, upande wake ukiwa umetangulia mbali, na nsumba ntale anamfokea kwa sauti ya kupita ngoma: "Punguza, bwana! Mwenye shamba ataanza kutuuliza sisi tunacheza nini."