Kisu Kile Si cha Antonia

Asubuhi ya mwisho ya kawaida Antonia alikula muhogo wa jana, akasema chumvi imezidi, akaumaliza. Akafuta miwani kwa upindo wa khanga, akaenda kiwandani. Mimi nikaenda kupalilia mikorosho. Hatukuagana. Nani anaaga kwenda kazini?

Mke wangu alikuwa fundi wa elektroniki. Alifundisha chuo cha ufundi hadi akastaafu, akarudi Mitole kwangu, mtu nisiyejua darasa. Watu walisema mwalimu kaolewa na jembe. Akawajibu kwamba jembe halikoromi. Uongo, nakoroma.

Kiwanda cha korosho kilimwita aitengenezee akili mashine yake ya kubangua. Akili yenyewe ni kidude cheusi chenye miguu mingi, kinalala kiganjani. Alinieleza kuwa ndani mna vijumba, na vimehesabika. Unachora kazi unayotaka, kompyuta inaigawa kwenye vijumba. Visipotosha, mchoro haukai. Unapunguza, unachora upya.

Alichora hivi. Kisu kisishuke mpaka mikono yote miwili iwe kwenye vitufe, kimoja huku, kimoja kule. Kikishashuka, uachie vyote viwili ndipo kikubali tena. Alijua wanawake wabanguaji wanalipwa kwa kilo. Mwenye haraka atafunga kitufe kimoja kwa mpira, abaki na mkono mmoja wa kulishia korosho. Huko kuachia ndiko kulikozuia mpira. Mchoro uligoma, akaubana, ukagoma tena, mwisho ukakaa. Siku hiyo aliimba jikoni.

Ndipo Dominick, meneja, akataka mashine ihesabu pia, ijulikane kila mwanamke amepiga kisu mara ngapi. Kuhesabu kunakula vijumba. Havikutosha. Antonia akamwambia anunue kidude kikubwa zaidi, vipo. Dominick akasema bodi za kukishikia zimeshatengenezwa kwa kile kidogo, atoe hilo la kuachia, wale ni watu wazima wana macho.

“Bibi, usitucheleweshee msimu,” akamwambia. Bibi. Mtu aliyemfundisha hata kushika waya.

Antonia akakataa, akarudi nyumbani. Jioni nilimkuta ameketi mlangoni, mdomo umepinda, neno halitoki. Hakufika asubuhi. Hospitali wakasema presha. Sawa, presha. Presha ilikuwa na mtu wake.

Dominick akatafuta fundi mwingine, akachorewa alivyotaka. Msimu ukaanza. Umi, jirani yetu, akafunga kitufe kwa mpira kama wenzake, na kisu kikamkata vidole vya mkono wa kulia. Wakaguzi walipokuja, Dominick, aliyekula ubwabwa wa msiba nyumbani kwangu, akawaambia akili ya ile mashine ni kazi ya marehemu. Aliona marehemu hajibu.

Basi najibu mimi. Sitaki pole yake, na kizingiti changu asikivuke tena. Nataka jina la mke wangu litoke kwenye ile damu.

Siku Antonia alipokataa, Umi alikuwepo, amesimama penye mashine. Nilikwenda kwake nikamwomba anitajie neno kwa neno, asinipambie. Akanitajia, mkono umefungwa bendeji. Wenzake waliokuwepo nikawauliza mmoja mmoja, wakasema yale yale. Antonia alimwambia Dominick, mbele ya wote:

“Dominick mwanangu, toa kuhesabu, acha mikono. Ukitoa mikono, hiyo kazi iite kwa jina lako. Langu usilitaje.”