Mwiko wa Nyama na Ukwaju wa Bibi

Nilipokuwa mtoto nilikatazwa nyama kwa sababu nilizaliwa nimetanguliza miguu. Ndiyo maana naitwa Kashinje. Bibi mzaa baba, aliyenilea kijijini Kasoli, aliamini mtoto wa namna hiyo akila chenye damu kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto, mwili utamkataa. Kuku, mbuzi, hata dagaa, vyote mwiko. Sikulalamika. Bibi alinipikia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga za kutwanga. Choroko hazikukosekana, maziwa ya mgando yalikuwepo, na mboga zote za majani alizikamulia ukwaju. Nilikuwa na mashavu, tena nikijiona bora kuliko wala nyama wote.

Nilipofika darasa la tatu nikapelekwa Dutwa kwa shangazi Milembe, mama lishe aliyewapikia wapakiaji wa pamba. Yeye aliuheshimu mwiko kuliko hata bibi. Alininunulia sahani yangu peke yangu, isiguse za nyama. Lakini vyungu vyake vilikuwa vya nyama na dagaa tu, kwa hiyo mimi nikapata ugali na mchuzi wa nyanya, na chai ya rangi ya kuteremshia. Miezi ikapita. Nikawa nahema nikibeba hata ndoo ndogo, na asubuhi moja nikaanguka mstarini shuleni.

"Umeonja nyama wewe," shangazi alisema huku akilia.

Niliapa sijaonja. Hakuna aliyeniamini, na hilo liliniuma kuliko kizunguzungu. Shangazi na majirani wakakubaliana niache shule, nirudi kwetu nikaaguliwe.

Bibi alikuja kunichukua, amepakiwa kwenye baiskeli, na fuko mapajani. Akanivuta kope la chini, akatazama ndani, akaguna.

"Huyu anakula nini?"

"Mama, sijui nani kamuonjesha nyama..."

"Mayu," bibi alimkatiza kwa Kisukuma, yaani mama, "sijauliza nyama. Nauliza anakula nini."

Shangazi akataja ugali, mchuzi na chai. Bibi akakaa chini palepale.

"Mwiko unakataza tu, mayu. Haulishi mtoto."

Akanipeleka zahanati, wakasema damu imepungua, wakanipa dawa. Kisha akafungua fuko: nsansa, choroko, karanga, ukwaju. Shule sikuacha. Shangazi akaanza kupika choroko kila siku, na wapakiaji nao wakazigombania.

Meno ya utoto yalipoisha nilikula nyama, na mwili haukunikataa. Baadaye nikakutana na akina Kashinje wengine waliokula nyama tangu utotoni bila kudhurika. Hapo bibi alikosea, na nilimtania hadi alipofariki. Ila muuguzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba uchachu husaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyomo kwenye majani. Bibi hakujua madini. Alijua kumtazama mtoto.

Mwezi uliopita binti yangu, anayesoma chuo Mwanza, alikuja hapa Bariadi akatangaza ameacha nyama kabisa. Baba yake akashika kichwa. Mimi nikamvuta kope.

"Unakula nini?"

"Chipsi, mama. Na soda."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya bibi. Miaka yote nilikumbuka mwiko wake, kumbe kilichoniokoa ni lile swali. Nikamwambia binti kuacha nyama ni hiari yake, nikaenda kuloweka choroko. Jumatatu alirudi Mwanza na fuko zito kuliko begi lake.