Mizani Ndani ya Lifti

Kwa miaka kumi na tisa Mama Grisi alikuwa fundi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa nane. Jina hilo alibandikwa na walinzi, naye hakulikataa, maana hata anawe vipi, grisi ya mashine ilibaki kuchani. Shule aliiacha darasa la saba mama yake alipougua, na ufundi aliupata kwa kuwashikia mafundi tochi.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa fizikia, alikaa mezani kwake akilalamika kwamba wanafunzi hawaielewi nadharia ya uhusianifu, ile ya mvuto na muda, hata awapigie magoti.

"Kwani inasema nini?" Mama Grisi akauliza.

"Hiyo tuiache, shemeji. Ina hesabu nzito."

Akammiminia chai, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Jumamosi akajiandikisha maktaba, akaazima kitabu cha nadharia hiyo. Sura ya kwanza aliisoma mara sita asiambulie kitu. Mumewe alipomwambia apumzishe kichwa, alisema atakipumzisha kikishaelewa. Kila mchana alikaa juu ya ndoo kwenye chumba cha mashine, kalamu sikioni, akaanza upya.

Mara ya saba akasimama kwenye mfano wa mtu aliyefungiwa ndani ya kisanduku kisicho na dirisha. Si ndicho hicho anachokipandisha na kukishusha kila siku?

Kesho yake akaja na mizani ya kupimia uzito, akaiweka kwenye sakafu ya lifti, akapanda juu yake. Kilo sitini na mbili. Lifti ilipoanza kupanda, mshale ukaruka hadi sitini na nane. Mwendo ulipotulia, ukarudi. Alirudia mara ishirini, watu wa ofisi wakisubiri nje na kununa.

Wiki ile ile akamwita shemeji, akamsimamisha juu ya mizani.

"Umenenepa ghafla," akamwambia walipoanza kupanda. "Ungekuwa hujui kama uko kwenye lifti, ungesema nini?"

Mwalimu akatazama mshale. "Ningesema dunia imenivuta zaidi."

"Basi. Ukiwa ndani, kuvutwa chini na kusukumwa juu huwezi kuvitenganisha. Hapo ndipo mambo yanapoanzia."

"Na saa je? Nadharia inasema ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Kwa nini?"

"Hapo bado sijafika," alisema. "Nitafika."

Ilimchukua miezi miwili. Aliyeelezwa kwanza alikuwa mlinzi wa mlangoni.

"Karibu na dunia, mvuto ni mkubwa kidogo, na muda huenda taratibu kidogo."

Mlinzi akafikiri. "Kwa hiyo mimi wa chini nitazeeka taratibu kuliko bosi wa ghorofa ya nane?"

"Kwa kiasi ambacho hata mkiishi miaka mia hamtakiona. Lakini ndiyo."

Mlinzi alicheka mchana kutwa.

Shemeji alipopata habari, alimwomba Mama Grisi radhi mbele ya mumewe, kisha akamwomba awafundishe wanafunzi wake. Mama Grisi akakubali kwa sharti moja: waingie watatu watatu, na kila mmoja asome mshale kwa macho yake kabla hajaambiwa lolote. Walikuja thelathini na sita. Aliwapandisha wote, kundi baada ya kundi, na aliyesema hajaelewa alipandishwa tena.